Kuzoea Linux Mint baada ya Windows 10: mwongozo kwa wenye steshenari

Kompyuta ya dada yangu pale steshenari, Mkanaledi, Mtwara, ilikuwa ya Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, msimu wa korosho umepamba moto, watu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wamejaa na mihtasari yao ya kuchapa. Windows 11 ikaikataa mashine kwa kukosa TPM 2.0, kijenzi cha usalama. Nikamwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, toleo la Cinnamon.

Hatua ya 1: menyu. Iko kushoto chini, palepale ulipoizoea. Bonyeza kitufe cha Windows, andika jina la programu, gonga Enter. Wapo wanaoivisha Mint sura ya Windows, mimi siafiki. Kikiharibika kitu utatafuta dawa ya Windows.

Hatua ya 2: flashi. Usiichomoe tu. Kwenye dirisha la mafaili, bonyeza kimshale kilicho pembeni ya jina lake, subiri. Faili laweza kuonekana limeshanakiliwa kumbe bado liko njiani, na mteja akifika nyumbani anakuta tupu.

Hatua ya 3: fonti. Hii ndiyo iliyonikalisha hadi saa nne usiku. CV ya mteja ya kurasa mbili ilifunguka kurasa tatu, maana iliandikwa kwa Calibri na Mint haina. Nikakimbilia kifurushi cha fonti za Microsoft, ttf-mscorefonts-installer. Kinavuta fonti kutoka mtandaoni, kwa hiyo bando liwepo. Kisha yanatokea masharti ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri): kipanya hakifanyi kazi, Enter haijibu. Nikafunga dirisha mara mbili, mara ya tatu mashine ikagoma kusakinisha chochote mpaka nilipoiwasha upya. Kumbe unabonyeza Tab hadi neno Ok liwake rangi, ndipo unagonga Enter.

Na baada ya jasho lote hilo, Calibri haimo! Mna Times New Roman, Arial, Verdana na wenzao. Anza na amri hii badala yake, iandike ndani ya terminali:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito

Herufi za nywila hazionekani unapoiandika, huonekana nyota tu. Andika tu, gonga Enter. Amri hiyo inaleta fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri. Funga LibreOffice (programu ya kuandikia nyaraka ndani ya Mint), ifungue tena. CV ikarudi kurasa mbili.

Hatua ya 4: kuhifadhi. Ndani ya LibreOffice ingia Tools, Options, Load/Save, General, uchague Word iwe ndiyo ya kawaida. Ukiacha odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, mteja atarudi kesho amenuna.

Hatua ya 5: printa. Chomeka waya, subiri. Ya dada ilitambulika yenyewe.