Jinsi ya kuomba banda kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na pale maombi mengi yanapokwama

Kama unatengeneza vitu kwa mkono na unataka kuanza kuuza kwenye maonyesho, jua kwanza kwamba maonyesho mazuri hayampokei kila anayelipa. Yana majaji, na hao majaji hawatashika kazi yako hata mara moja, wanaangalia picha kwenye skrini basi. Nimetoka kwenye huu mchakato juzi juzi na umenilia hela, ndio maana nataka anayefuata aingie akiwa anajua.

Anza na masharti, fomu baadaye. Fomu ni fupi, jina, simu, unatengeneza nini, unapakia picha, unalipa, dakika chache umemaliza. Ila masharti yenyewe mara nyingi yako kwenye dokyumenti nyingine kabisa, na yanayoamua kama utapita au hupiti yamo humo. Mimi maombi yangu yalitupwa kwa sababu picha ya banda ilionyesha bango lenye jina la biashara. Kwenye fomu hakuna mahali palipoandikwa kwamba hairuhusiwi, sharti lilikuwa kwenye dokyumenti ambayo waandaaji walinitumia baada ya kupokea malipo, na nilipoandika kuulizia nikajibiwa ada ya maombi hairudishwi. Kumlipisha mtu kabla hujamwonyesha masharti ni kumwonea, hasa huyu anayeanza ambaye hiyo hela ameitoa kwenye mtaji wa malighafi. Kwa hiyo kama huyaoni masharti kamili, waandikie uyaombe, na usilipe mpaka uwe nayo mkononi na umesoma mpaka mwisho.

Sababu ya hilo sharti la kutoonyesha jina ni ya haki kabisa. Sehemu nyingi majaji wanapiga kura bila kujua kazi ni ya nani ili wasimpendelee wanayemjua, ndio maana jina, nembo, hata sura yako kwenye picha vinaweza kukutoa. Wangesema mapema tu.

Malipo yako mara mbili, usiyachanganye. Kuna ada ya maombi, ndogo, hiyo unailipa ili picha zako ziangaliwe, ukikataliwa imekwenda. Halafu kuna ada ya banda, hiyo ndio kubwa, kwa kawaida unalipa ukishakubaliwa japo wapo wanaoitaka yote mapema. Juu yake kuna vya kuongeza: banda la kona, umeme, meza na viti vya kukodi, na wengine wanakata asilimia ya mauzo. Jumlisha vyote kabla hujaomba, kisha jiulize utahitaji kuuza vipande vingapi ili urudishe tu hiyo hela, ukiwa umeshatoa gharama ya malighafi. Na tafuta kipengele cha kuahirisha, kinasemaje mvua ikinyesha au waandaaji wenyewe wakighairi? Vipengele vingi vinasema hela inabaki kwao.

Sasa picha, na hapa ndipo nataka ukae kabisa. Kawaida wanataka picha tatu mpaka tano za bidhaa na moja ya banda, na jaji anaziona zote kwa pamoja, kwa sekunde chache, kabla hajaenda kwa mwombaji mwingine. Maana yake zinatakiwa zionekane zimetoka mkono mmoja. Tumia mandhari ileile kwa zote, nyeupe au kijivu, kitu kimoja kwa kila picha, bila maua wala vitambaa vya kupamba pembeni. Piga mchana karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, zima flashi, weka karatasi nyeupe upande wa pili ili kivuli kilainike. Usijaribu kuonyesha kwamba unajua kutengeneza kila kitu, kikapu kimoja hereni moja mshumaa mmoja, jaji anaona vurugu. Chagua aina moja ya kazi na uionyeshe kwa nguvu.

Upande wa faili kunapoteza muda ajabu. Wengi wanataka JPEG, na iPhone tangu 2017 zinahifadhi picha kama HEIC, aina nyingine ya faili, usipobadilisha mipangilio ya kamera, mfumo unazikataa bila kueleza kwa nini. Pia picha ikipitia WhatsApp kawaida inapunguzwa ubora, kama mtu amekupigia picha mwambie akutumie kama dokyumenti au kwa barua pepe. Angalia wanataka pikseli ngapi na faili isizidi ukubwa gani, na upunguze nakala, ile picha asili iache kama ilivyo.

Picha ya banda inawaumiza wanaoanza kwa sababu hawajawahi kuwa na banda. Huhitaji kusubiri. Pima eneo la mita 3 kwa 3, ndio saizi inayotumika sana, hata uani kwako, panga meza, vitambaa mpaka chini, rafu zenye kimo tofauti, bidhaa zilezile zilizo kwenye picha nyingine, ondoa jina, ondoa watu, piga kwa mbele. Jaji anataka kujua duka lako litafananaje, hajali uko wapi.

Maelezo yawe mafupi ya ukweli. Sema malighafi ni nini, hatua zipi unazifanya wewe mwenyewe, kipi umenunua kikiwa tayari. Majaji wanawasaka wachuuzi wa vitu vya kiwandani na mimi nawaunga mkono, kwa sababu mtu akileta hereni za jumla pembeni yako za kwako zinaonekana ghali bila sababu. Weka picha ukiwa kazini kama wanaruhusu, mikono tu inatosha. Kumbuka ukikubaliwa kwa ngozi unauza ngozi, hereni zinataka maombi yake, na kundi la mapambo ya mwili ndilo linalojaa haraka kuliko yote.

Vyeti anza navyo mapema maana vinachukua muda kuliko fomu yenyewe. Wengi wanataka leseni ya biashara au kibali cha muda na bima ya madhara kwa watu wengine, wakati mwingine jina la waandaaji liandikwe kwenye hiyo bima. Wa sabuni na vipodozi, ukiuza Umoja wa Ulaya kuna Kanuni 1223/2009 inayotaka tathmini ya usalama ya bidhaa, na kuwa mdogo hakukuondoi. Wa vitu vya watoto, Marekani wana sheria ya mwaka 2008 ya usalama wa bidhaa za watumiaji, isome kabla hujashona mdoli wa pili. Ndani ya ukumbi utaulizwa kitambaa kisichoshika moto, nje utaulizwa uzito wa kushikilia hema, wengi wanataka karibu kilo 18 kwa kila mguu.

Dedlaini ni miezi kabla, maonyesho ya mwisho wa mwaka mengi yanafunga maombi mapema sana, kwa hiyo tuma siku kadhaa kabla maana siku ya mwisho mifumo inazidiwa. Piga picha ya skrini ya uthibitisho. Kagua na folda ya spam kila siku, majibu yanaishia huko. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri jibu kwamba bado unataka, watu wanajitoa wakifika kwenye ada ya banda na wanaojibu haraka ndio wanaopewa. Ukikubaliwa lipa ndani ya tarehe waliyotaja, ikipita nafasi inaenda kwa mwingine, na siku hiyohiyo omba kwa maandishi risiti, namba ya banda na saa ya kuingiza mizigo.