Kukodi baiskeli Kampala na kuendesha bila kuumia

Boda zenyewe zilianza na baiskeli kule Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, lakini Busia siyo Kampala jamani, hapa ni vilima tupu, kwa hiyo kabla hujauliza bei anza na breki. Inua tairi la mbele, lizungushe, bana breki, lazima lisimame papo hapo. La nyuma hivyo hivyo. Kisha bana zote mbili na uisukume baiskeli mbele, ikitembea iache, hata mwenyewe akikwambia iko sawa tu. Angalia pia mkono upi unabana breki ipi maana mitumba ya kutoka nje haifanani, na ukishuka kilima cha Nakasero ukabana ya mbele peke yake kwa nguvu inakurusha juu ya usukani.

Breki zikiwa poa ndo mnaongea pesa: bei, saa ya kurudisha, pancha ni ya nani. Piga picha mikwaruzo yote yeye akiwa hapo. Kitambulisho usimwachie, mpe kopi, akigoma ongeza dipoziti kidogo. Chukua helmeti na kufuli.

Sasa barabarani, hapa ndo penyewe. Tunaendesha kushoto, sawa, ila kushoto siyo kujibana kwenye mtaro, ukijibana taksi (hapa ni matatu, siyo gari dogo) itakupita halafu ikufungie hapo hapo ikishusha abiria na wewe huna pa kwenda. Acha kama mita moja toka ukingoni. Macho yawe kwa kondakta, akitoa mkono dirishani au ukiona abiria ameinama anasogea mlangoni, hiyo taksi inasimama sasa hivi, punguza mwendo. Usiipite kwa kushoto hata siku moja, mlango uko upande huo na watu wanaruka bila kuangalia. Ukitaka kuhama upande geuza kichwa kwanza ndo unyooshe mkono, boda wanatoka kila mahali, hata kinyume.

Mvua ikinyesha breki zinateleza, anza kubana mapema kidogo kidogo, na dimbwi usiliingie kama hujui chini kuna nini.

Kwa kuanza nenda Jumapili asubuhi Luwum Street na Namirembe Road, kuna kipande kimetengewa waenda kwa miguu na baiskeli. Jinja Road na Entebbe Road ziache mpaka uweze kuangalia nyuma bila usukani kuyumba.