SOMO: Kuhamisha kaseti ya shoo (mfano Queen Japani 1975) kwenda kwenye kompyuta bila kuiharibu

Habari zenu wadau. Niliahidi kuandika kuhusu ile kaseti ya marehemu mjomba, leo nimepata nafasi. Mjomba alikuwa baharia, meli yao ilikuwa inafika sana Kobe, bandari ya Japani, na kwenye sanduku lake tulikuta kaseti ya dakika 90 imeandikwa kwa kalamu QUEEN TOKYO 75, yaani shoo ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza. Hii sio ya dukani jamani, ni mtu tu alikata tiketi akaingia ukumbini na rekoda ya betri akarekodi kuanzia taa zinazimwa mpaka mwisho, alafu ikakopiwa na kukopiwa mpaka ikamfikia mtu wa Tanga. Na anayeimba humo ni Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Nilivyoisikia mara ya kwanza nilikaa chini.

Sasa twende.

Hatua ya 1. USIICHEZE KWANZA. Ishike kwenye mwanga uangalie kingo za utepe kupitia kile kidirisha. Sisi wa pwani unyevu unatumaliza, ukiona unga mweupe hiyo ni ukungu, ukiiweka kwenye deki unachafua hedi (kile kichuma kinachosoma utepe) na kila kaseti itakayofuata. Angalia pia kile kisponji kidogo chenye bati kinachosukuma utepe uguse hedi, kwenye kaseti za miaka ya 70 gundi inakauka kinadondoka, na bila hicho sauti inakuja inafifia inarudi. Kama kimetoka toa cha kaseti nyingine mbovu uhamishie. Alafu zungusha mdogomdogo kwa kalamu ya Bic mpaka uhisi inakwenda bila kukwama.

Hatua ya 2. Safisha hedi na kale kagurudumu ka mpira kwa pamba ya masikio na spiriti kali, ya asilimia 90 kwenda juu. Pamba ikitoka ya kahawia rudia mpaka itoke nyeupe.

Hatua ya 3, hii ndo watu wanairuka na ndo inayoamua kila kitu. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayoiinamisha. Rekoda iliyorekodi kanda yako ilikuwa na mwinamo wake, deki yako ina wa kwake, visipolingana zile sauti za juu kama sahani za dramu zinapotea unabaki na mfinyo kama unasikilizia nyuma ya mlango. Sikiliza kwa mono (kushoto na kulia vimechanganywa kuwa kimoja), geuza skrubu kidogo sana, robo ya mzunguko ni nyingi, mpaka sahani zifunguke. Ya kwangu zilifunguka ghafla na nikaanza kusikia mtu anakohoa karibu na maiki ambaye sikuwahi kujua yupo. Dolby (kile kitufe cha kupunguza mvumo wa shhh) acha imezimwa, ukiiwasha kwenye kanda ambayo haikurekodiwa nayo unaua sauti za juu tena.

Hatua ya 4. Toa waya kwenye deki uingize kwenye kompyuta, fungua Audacity (programu ya kurekodi sauti, ni ya bure), weka biti 24 na 48 kHz, inatosha kabisa kwa kaseti. Mishale ya sauti isipite -6 dB. Dakika 90 zitakula kama giga 1.5 ya WAV (faili la sauti lisilobanwa). Rekodi upande mzima bila kusimamisha, na hilo faili la kwanza USILIGUSE tena maisha yako yote, kila unachotaka kujaribu fanya kwenye kopi.

Hatua ya 5, spidi. Rekoda za betri zilikuwa zinachoka shoo ikiendelea, na kila aliyekopi aliongeza kosa lake. Njia ninayoipenda ni mngurumo wa umeme. Japani ina umeme wa aina mbili, Tokyo na Yokohama ni 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), Nagoya, Kobe na Fukuoka ni 60. Ampu za ukumbini zinanguruma kwa namba hiyo na maiki inaudaka. Chukua sehemu tulivu kati ya wimbo na wimbo, chora spektra kwa saizi 65536 (Plot Spectrum ya Audacity, mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti kuanzia nene mpaka nyembamba), tafuta mlima mdogo chini kabisa. Ila chunga, umeme wetu nao ni 50, kwa hiyo kwanza rekodi deki ikiwa imesimama uone mngurumo wa nyumbani kwako ni upi.

Yangu ilikuwa na 50 ya nyumbani, alafu pembeni mlima mwingine kwenye 61. Nilirudia mara tatu. Maana yake kanda inakimbia kama asilimia 1.7 na inaelekea huo ukumbi haukuwa Tokyo, aliyeandika ile lebo alikosea! Ili iwe Tokyo ingebidi ikimbie zaidi ya asilimia 20, Freddie angesikika kama katuni. Nikapunguza kwa "Change Speed" (kwenye Audacity mpya inaitwa "Change Speed and Pitch"; usitumie ile ya kubadili pichi peke yake), piano ikakaa sawa na kinanda cha nyumbani.

Hatua ya 6. Hifadhi kama FLAC (inabana faili bila kupoteza sauti), andika faili la maneno ueleze deki gani, waya gani, umerekebisha nini. Msiuze jamani, ni kazi ya watu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu sina deki, nina redio kaseti ya mzee, inafaa?
Jibu: Inafaa, toa sauti kwenye tundu la hedifoni, volyumu chini ya nusu. Ila usichomeke kwenye tundu la maiki la laptop, litakupa mono na mikwaruzo. Tafuta kile kidude cha USB cha kuingizia sauti.

Swali: Kaka mi nimeondoa kelele zote za watu na ule mvumo wa shhh, mbona sasa sauti kama inatoka chini ya maji?
Jibu: Kwa sababu sahani za dramu na shhh vinakaa sehemu moja, ukifuta kimoja umefuta na kingine. Na wale watu usiwafute ndugu yangu. Nyimbo za studio zipo kila mahali, hao wasichana wa Kijapani wanaopiga kelele wapo kwenye kanda hiyo tu. Rudi kwenye faili la kwanza, natumaini unalo.

Swali: Ntajuaje mwaka kama lebo zinadanganya?
Jibu: Nyimbo. Bohemian Rhapsody ilitoka Oktoba 1975 na ziara ya kwanza ya Japani ilianza Budokan, ukumbi wa Tokyo, 19 Aprili mwaka huohuo ikaishia hapohapo 1 Mei, ukiisikia basi sio hiyo ziara. Ukisikia Teo Torriatte, ule wenye kiitikio cha Kijapani, albamu yake ni ya Desemba 1976, hivyo na ziara ya 1976 iliyokuwa Machi na Aprili ifute.

Swali: Kaka, nina kaseti za harusi za taarab za marehemu baba, Mombasa, hatua ni hizihizi?
Jibu: Hizohizo dada, pole kwa msiba. Ila mngurumo wa ukumbini na wa kwako vyote ni 50, kwa hiyo kwenye spidi tegemea kinanda. Anza na zile zenye ukungu mpelekee fundi, usizicheze.

Swali: Sasa mkuu ni mji gani?
Jibu: Mwisho wa upande B kuna dada anaongea karibu kabisa na maiki kama sekunde nne hivi, kisha kanda inakatika. Nimekata kipande hicho nimemtumia jamaa aliyesoma Japani, nimekituma kama dokyumenti ili WhatsApp isikibane. Kaniambia anasikia kama jina la kituo cha treni, anarudia kusikiliza kwa hedifoni usiku.