Vigae vya sakafu vinavyobanduka: chanzo na ukarabati wake

Kabla ya kununua chochote, gonga sakafu yote kwa mpini wa bisibisi, kigae baada ya kigae, na utie alama ya chaki kila panapolia kama debe tupu. Hapa Kisumu nimeitwa mara nyingi kwa ajili ya vigae viwili vilivyoinuka, na chaki ikaonyesha kwamba vilivyoachia ni vingi zaidi.

Chanzo kikuu ni uwazi ulioachwa chini ya kigae. Fundi mwenye haraka huweka mabonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kisha hubandika. Kigae hushikwa na mabonge hayo tu, na uzito unapoangukia pasipo na kitu, mshiko huanza kuachia. Wengine hutumia uji wa saruji tupu. Uji huo ulifaa vigae vya udongo vilivyolowekwa majini kwanza, lakini kigae cha posilini, kile kigumu cha kisasa, hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo saruji haipati pa kujishikiza. Kosa jingine ni kubananisha vigae hadi ukutani: jua la alasiri likivipiga hutanuka, na visipopata nafasi husukumana mpaka safu nzima inainuka.

Vaa miwani ya kinga. Kwangua grauti, yaani kijazio cha maungio, kuzunguka kigae kibovu. Kikiwa kimeachia kabisa, kiinue kwa patasi bila kuegemea jirani yake, na kikiwa kimevunjika, kitoe ukianzia katikati.

Kisha ng'oa gundi yote ya zamani mpaka ufikie zege. Naomba sana usiiruke hatua hii, kwa kuwa gundi mpya ikilazwa juu ya ile iliyooza, utairudia kazi. Fagia, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, halafu tandaza gundi kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, mistari ikielekea upande mmoja, na upake nyingine nyembamba mgongoni mwa kigae. Kibonyeze ukikisogeza mbele na nyuma. Kigae cha kwanza kiinue tena ukitazame: mgongo wote uwe umefunikwa. Subiri saa 24 kabla ya kukanyaga na kutia grauti. Ukifika ukutani, acha nafasi ya milimita 10 ambayo itafichwa na ubao wa ukingo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nakuru: Mwalimu, naweza kumimina uji wa saruji kupitia kwenye maungio bila kuking'oa kigae?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Chini kuna vumbi, na uji hautashika juu ya vumbi.

Mwanachama wa Kakamega: Kigae cha zamani chaweza kurudishwa?
Jibu: Ndiyo, kikiwa kizima na mgongo wake umekwanguliwa.

Mwanachama wa Ahero: Vyangu vimeachia kwa kufuata mstari mmoja kuanzia mlangoni hadi dirishani.
Jibu: Ng'oa viwili uchunguze zege, dada. Udongo mweusi wa tambarare za Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu huufuata. Ukikuta ufa ambao upande wake mmoja umepanda kuliko mwingine, usibandike chochote. Mwite mhandisi aukague msingi kwanza.