Gitaa limetyuniwa, mbona kodi zinatoka kombo?

Tyuna, kile kifaa cha kupima sauti ya uzi, inawaka kijani nyuzi zote sita. Unapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya G, safi. Unahamia D, kuna uzi unalia kivyake. Usiilaumu tyuna: yenyewe imepima uzi mtupu, wewe unapiga uzi uliobanwa.

1. Nyuzi kwanza. Zenye kutu hazitulii hata ufanyeje, badilisha. Mpya nazo huvutika: uvute kila uzi taratibu kutoka kwenye ubao, tyuni, rudia mpaka usishuke tena.

2. Malizia kwa kukaza. Ukipitiliza noti, legeza hadi chini yake ndipo upande. Ukisikia "tik!" wakati unakaza, uzi unanasa kwenye nati, kile kipande chenye vijifereji karibu na kichwa. Sugua humo penseli.

3. Mkono. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilishafungua skrubu zote za gitaa, kumbe nilikuwa naikaba shingo kama nimekamata mwizi! Jaribu: bana uzi wa tatu (wa G) freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), kwa nguvu ya kutosha tu kutoa sauti. Sasa kandamiza. Umeona sindano ya tyuna inavyopanda? Kidole kikae nyuma tu ya chuma cha freti, na kiwe chepesi.

4. Freti ya 12, nusu ya urefu wa uzi. Uguse juu ya chuma bila kubana, upige: unatoka mlio kama wa kengele. Kisha bana palepale. Noti ya kubana ikiwa juu ya ule mlio, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi kwenye brigi (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa), kiende mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kusogeza, tyuni kabla ya kupima tena. Hii ni kwa gitaa la umeme. La kawaida, mfupa unaobeba nyuzi hausogei, hiyo kazi ya fundi.

MASWALI

Mkuu, freti ya 12 iko sawa, ila F ya huku mwanzo wa shingo inapanda.

Nati iko juu. Bana freti ya 3, kisha chungulia kati ya uzi na freti ya 1: pabaki upenyo mwembamba kama karatasi. Kuchonga mpe fundi, maana ukizidisha uzi utakwaruza freti.

Ticha, nilityuni kwa sikio mpaka kodi ya E ikawa tamu kabisa. C ikaharibika!

Ulishusha uzi wa G, sivyo? Freti hugawa oktavu (kutoka noti moja hadi noti ya jina lilelile juu yake) vipande 12 sawa, na kwa mgawo huo noti ya tatu ya kodi ya meja inakaa senti 14 hivi (kipande kimoja ni senti 100) juu ya pale sikio linapopapenda. Ukiushusha uzi huo kuifurahisha E, C inayoutumia ukiwa mtupu inaumia. Tyuni kwa tyuna, uvumilie E yenye ukakasi kidogo. Hata piano iko hivyo.

Na nikifunga kapo, kile kibanio cha nyuzi zote shingoni?

Ifunge karibu na freti, halafu ndiyo utyuni.