Jinsi ya Kuwasilisha Malalamiko Dhidi ya Diwani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Mwongozo huu unatokana na kazi yangu ya msaidizi wa kisheria, na unawahusu wakazi wa Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na halmashauri za jirani kama Magu, Sengerema na Ukerewe. Malalamiko mengi ninayoletewa yana msingi, lakini huishia masijala kwa sababu yameandikwa kwa hasira au yamepelekwa mahali pasipohusika.

Hatua ya kwanza: chuja lalamiko

Hakikisha kwanza anayelalamikiwa ni nani. Wapo wanaosema "diwani" huku wakimaanisha mwenyekiti wa mtaa, ambaye huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ilhali diwani huchaguliwa na kata nzima katika uchaguzi mkuu, na taratibu za kuwawajibisha hazifanani.

Kisha tenganisha kero na utovu wa maadili. Barabara kutochongwa au bomba kutoa maji mara moja kwa wiki ni kero, na mahali pake ni mkutano wa mtaa. Utovu wa maadili ni tendo la diwani mwenyewe, kama vile kuomba chochote ili jina la kikundi lipite kwenye orodha ya mikopo ya halmashauri, kushiriki uamuzi wa zabuni ambayo ana maslahi nayo bila kuyatangaza, au kumtolea mtumishi lugha ya matusi. Haya yamo katika Kanuni za Maadili ya Madiwani za mwaka 2000 na katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ambayo inamtambua diwani kuwa kiongozi wa umma.

Hatua ya pili: andika tendo, usiandike tabia

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Tuchukulie kikundi cha akina mama wachuuzi wa dagaa walioomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hutengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Barua yao ya kwanza kwa kawaida husema: "Diwani wetu ni mla rushwa, anaonea wanyonge na hafai." Sentensi hiyo haichunguziki, na inaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa wa kashfa. Mimi huwaomba waiandike hivi: "Siku ya Jumanne tarehe fulani, saa nne asubuhi, katika ofisi ya kata, mheshimiwa diwani alimwambia katibu wetu kwamba tusipompa shilingi laki mbili jina la kikundi litaondolewa kwenye orodha. Mweka hazina alikuwepo na alisikia." Tendo moja liwe na aya moja, na mambo ya kusikia kwa jirani yaachwe nje.

Ambatanisha ushahidi uliopo, yaani muhtasari wa kikao cha kikundi na ujumbe wa simu. Ujumbe wa muamala usifutwe hata baada ya kuuchapisha, kwa kuwa wachunguzi huenda wakaihitaji simu yenyewe.

Hatua ya tatu: chagua mlango

Lalamiko la maadili huelekezwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ambaye ndiye katibu wa Baraza la Madiwani, ili lifike kwenye kamati ya maadili. Usilipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa kuwa mwenyekiti wake ni diwani huyo huyo, na hapo itakuwa ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Ukihofia kwamba madiwani watalindana, andika kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza.

Rushwa ni jinai, kwa hiyo ipelekwe TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa) moja kwa moja au kwa simu ya bure namba 113, na iwe kabla fedha haijatolewa, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Mtego wa kumnasa anayeomba rushwa waachiwe TAKUKURU wenyewe, nawe usimdokeze diwani wala usiyatangaze mambo hayo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Hatua ya nne: kabidhi na ufuatilie

Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Msafiri wa Sengerema anayekuja kwenye ofisi za Mwanza sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi, lakini wa visiwani bado anasubiri chombo, hivyo ni vyema amalize nakala na viambatisho vyote kabla ya kuondoka nyumbani. Ukikaa bila jibu, andika barua ya kukumbushia ukitaja tarehe ya muhuri, kisha nakala yake uipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa.

Ukiitwa mbele ya kamati, eleza yale yale uliyoyaandika, na ukiulizwa jambo ambalo hukulishuhudia, jibu kwamba hukulishuhudia.