Taa kubwa hafifu kwenye gari la kifahari la zamani: pima waya kabla ya kugusa globu

Mwenye Cadillac au Packard ya miaka ya 1930 akilalamika kuwa taa zinawaka kama kibatari, mara nyingi huomba globu kali zaidi. Usimfungie. Globu kali huvuta ampea nyingi kupitia waya uleule, na kinachopotea njiani kinazidi. Anza na waya.

Hatua ya 1: Jua volti za gari. Cadillac ya 1912, iliyokuja na mfumo wa umeme wa kampuni ya Delco, uliobuniwa na mhandisi Charles Kettering, iliwasha injini kwa volti 24 na taa kwa volti 6. Baadaye Wamarekani walibaki na 6 kwa miaka mingi: Cadillac ilihamia 12 mwaka 1953, Packard mwaka 1955. Rolls-Royce Phantom za miaka ya 1920 tayari zilikuwa na 12. Uamuzi huo una uzito mkubwa, na hesabu yake ni hii. Globu mbili za wati 36 huvuta ampea 12 kwa volti 6, lakini ampea 6 tu kwa volti 12. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, wenye urefu wa mita 6, una ukinzani wa omu 0.042 hivi. Gari la volti 6 litapoteza nusu volti, yaani asilimia 8. Lile la 12 litapoteza robo volti, asilimia 2. Na mwanga hushuka haraka kuliko volti: hiyo asilimia 8 inakula karibu robo ya mwanga wote.

Angalia pia betri imefungwa upande gani kwenye chesisi. Packard nyingi za volti 6 zimefungwa chanya. Globu hazijali, ila relei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, itaungua ikifungwa kinyume.

Hatua ya 2: Pima taa zikiwa zinawaka. Waya usiobeba mzigo hukudanganya. Weka ncha moja ya maltimita kwenye nguzo ya betri inayolisha taa, nyingine kwenye mguso wa globu. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea kwenda. Kisha pima kutoka ganda la globu hadi nguzo ya betri iliyofungwa kwenye chesisi: hizo zinapotea kurudi.

Upande wa kurudi ndio unaosahaulika. Gari likipakwa rangi upya, rangi hukaa kati ya mguu wa taa na chesisi, na umeme unabaki kupenya kwenye nyuzi za boliti. Kwangua chini ya nati hadi chuma king'ae, au pitisha waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme, ndani ya mguu wa taa. Ukikuta waya mbili zinazoingia kwenye kila taa, fuatilia ya pili inakoishia kabla ya kuikata. Huenda mhandisi hakutaka kuitegemea chesisi.

Hatua ya 3: Badilisha waya. Kwa volti 6 tumia milimita mraba 6. Zipo zenye kitambaa kwa nje, kwa hiyo sura ya gari haiharibiki. Ningeongeza relei ya volti 6 karibu na taa, bila kutoboa chuma chochote, ili swichi ya zamani isibebe mzigo wote.

Hatua ya 4: Dimu. Kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1930, ukipiga dimu taa moja huzimika, na rifleta (kioo cha kuakisi mwanga) ya nyingine huinamishwa na solenoidi, yaani koili inayovuta kama sumaku. Koili hiyo huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja, kisha mguso mdogo hufunguka na kubakiza umeme wa kuishikilia. Rifleta ikikwama kwa kutu, mguso haufunguki na fyuzi ya koili hukatika. Safisha egemeo lake kwanza. Usiweke fyuzi kubwa.

Hatua ya 5: Kinga. Waingereza wengi hawakuweka fyuzi kwenye taa kubwa, wakihofia dereva kubaki gizani ghafla. Delco ilitumia kikata umeme kinachofunga na kufungua: waya ukigusa chuma, taa zinapepesa na dereva anasikia mlio. Ukiweka fyuzi, weka moja kwa kila taa.

Rudia vipimo vya hatua ya 2. Gari la volti 6 halitoki kwangu likipoteza zaidi ya volti 0.3, kwenda na kurudi.